Kutoka Kawe Hadi Barabara ya Kilwa

Kawe huamkia pwani. Kabla jua halijachomoza wavuvi wamekwisha kuvuta vyombo vyao mchangani, na akina mama wachuuzi wanangoja na ndoo zao. Katikati ya shughuli hizo, kwa miezi kadhaa sasa, tunamwona binti wa mwenzetu akikimbia kandokando ya maji, huenda na kurudi, viatu mkononi. Amemaliza Kidato cha Nne, na anataka kuwa askari polisi.

Sisi ni akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa. Siku moja mama wa binti huyo alisimama kikaoni akaomba mkopo wa shilingi laki nane. Tulipomwuliza ni wa nini, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kuna mtu ameahidi kumwingiza mtoto chuo cha polisi. Amesema nafasi ni chache, tufanye haraka."

Tuseme kweli: wengi wetu tulikuwa tayari kumpa. Nani asiyetaka mtoto apate kazi? Lakini mweka hazina wetu, ambaye ni bibi wa wajukuu saba, alifunga daftari. "Haraka haraka haina baraka," alisema. "Twendeni kwanza tukaulize wenyewe."

Basi Jumatatu tulikwenda, akina mama wanne na binti. Tulipita karibu na viwanja vya Tanganyika Packers, mahali ambapo zamani kiwanda kilifungasha nyama ya ng'ombe katika makopo. Kiwanda hakifanyi kazi tena, ila jina limebaki. Tukapanda daladala hadi mjini, na huko tukachukua nyingine iendayo Mbagala, kwa Barabara ya Kilwa.

Njiani mama wa binti alitueleza jambo ambalo hakuwahi kutuambia. Miaka mingi iliyopita, mumewe alipompiga hadi kumvunja mkono, alikwenda kituo kimoja cha polisi. Aliambiwa hayo ni mambo ya nyumbani, arudi akayamalize na mumewe. Wakati huo Dawati la Jinsia na Watoto lilikuwa bado halijaanzishwa. "Mwanangu alikuwa mgongoni siku ile," alisema. "Nataka siku moja mwanamke mwingine akifika kaunta, amkute yeye." Hakuna aliyejibu. Binti alitazama dirishani, na bibi akamshika mkono.

Tulishuka Kurasini, kilipo Chuo cha Taaluma ya Polisi. Getini tulipokewa kwa heshima. Tulielezwa kwamba chuo hicho huwaendeleza walio askari tayari. Anayeanza hupelekwa Shule ya Polisi Tanzania, iliyoko Moshi. Wala hakuna mtu anayeingia kwa mlango wa pembeni. Jeshi la Polisi hutoa tangazo la ajira, mwombaji hujaza maombi mwenyewe kwa njia ya mtandao, na halipi kitu. Wanaoitwa hufanyiwa usaili na kupimwa afya.

Kumbe! Ile laki nane ilikuwa ya nini basi?

Tuliporudi tuliketi kivulini, tukasoma tangazo la mwaka uliopita neno kwa neno. Matangazo ya miaka ya karibuni yamekuwa yakitaka mwombaji awe raia wa Tanzania, na aliyemaliza Kidato cha Nne awe na umri wa miaka 18 hadi 25. Awe hajaoa wala hajaolewa, wala hana mtoto. Asiwe na kumbukumbu ya uhalifu, asitumie dawa za kulevya, wala asiwe na michoro mwilini. Awe na cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, na kitambulisho au namba ya NIDA. Masharti huweza kubadilika, kwa hiyo mzazi asome tangazo la mwaka unaohusika.

Hapo ndipo tulipogundua kasoro. Cheti cha kuzaliwa cha binti kina jina la babu. Cheti cha shule kina jina jingine la ukoo. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvilinganisha. Yule mtu wa laki nane naye hakuuliza habari za vyeti hata mara moja.

Kikundi kilimkopesha mama fedha kidogo tu, za nauli na za kushughulikia kiapo cha majina na cheti RITA. Kadhalika tulizungumza juu ya njia nyingine. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, huchukua vijana wa kujitolea, na wengi wameingia polisi kwa kupitia huko. Kambi ya Mgulani tuliipita siku ile ile. Tena Jeshi la Polisi huhitaji pia wenye fani, kama vile ufundi magari na umeme. Fani hizo hufundishwa VETA Chang'ombe, na binti asipochaguliwa polisi, bado atakuwa na kazi mkononi.

Akina mama wenzetu, hatuna hapa Kawe chuo cha kumwandaa mtoto awe polisi. Lakini tuna ufuko wa kukimbilia, tuna nyumba za kumfundishia ukweli, na tuna macho ya kusomea vyeti vyake mapema. Askari anayeanza kazi kwa kutoa rushwa, kesho atamwambia nini mama aliyevunjwa mkono?

Binti bado hajaitwa. Yule mtu alipiga simu mara mbili, kisha akanyamaza. Asubuhi ya leo, maji yalipokupwa, tulimwona tena akikimbia. Mama yake alikuwa ameketi juu ya ngalawa, amemshikia viatu.