Kiberiti cha dobi

Zulia langu la sufu lilirudi Jumamosi ndani ya gunia, likinuka kondoo. Mjukuu wangu alikuwa amelipeleka, kwa nia njema kabisa, pale wanapooshea magari kando ya barabara ya Busia. Vijana wakalitandika kwenye saruji, wakalimwagia maji moto na sabuni ya unga, wakalisugua kwa brashi ya sakafu, kisha wakalipiga pampu. Rangi nyekundu ikahamia kwenye nyeupe. Nyuzi zikashikamana kama nywele za mgonjwa.

"Dani," akaniambia mimi bibi yake, "si kapeti ni kapeti tu?"

Hasira zilinipanda, halafu nikamkumbuka dobi wetu.

Kibanda chake cha mabati kilikuwa karibu na soko la Maseno. Mimi husema nilimjua mwaka 1968. Dada yangu hunibishia kwamba ilikuwa 1970, kwa sababu yale mauaji ya kwenye hospitali ya Russia, kule Kisumu, yalikuwa yameshapita. Haidhuru. Harufu naikumbuka kuliko mwaka: makaa ya pasi, siki, na majani ya chai yaliyokwisha kupikwa, ambayo aliyaomba nyumba kwa nyumba. Mama alimwekea yetu kwenye kopo la mafuta ya Kimbo. Wenye mazulia walikuwa walimu wa ile shule ya wamisheni ya 1906 na wazungu wachache. Wengi walikuwa na par, mkeka wa mafunjo ya ziwani, na par haikumhitaji dobi: unaukung'uta, unauanika, kunguni wanahama, ukichakaa unanunua mwingine.

Kabla ya kugusa zulia alichomoa uzi mmoja ukingoni, akawasha kiberiti. Ukinuka nywele zilizoungua, na jivu lake likapondeka vidoleni, hiyo ni sufu: maji baridi, sabuni ya kipande iliyokunwa kidogo, siki katika maji ya mwisho. Magadi marufuku, kusugua marufuku. Ukinuka karatasi, ni pamba au mkonge, na hapo macho yake yalitosha. Pamba aliifua. Mkonge aliulinda na maji kama mtu anavyolinda chumvi, maana ukilowa unajikunja na kutoa madoa ya kahawia unapokauka. Aliutundika kambani akauchapa fimbo, mgongo kwanza. Doa la mafuta alilizika usiku kucha ndani ya unga wa mahindi.

"Mama Mwalimu," alimwambia mama siku moja, "zulia lako jana halikulala njaa."

Yale majani ya chai aliyakamua, akayatawanya juu ya zulia la rangi iliyokoza, akafagia. Vumbi likanaswa badala ya kuruka. Kwenye zulia jeupe hakuthubutu.

Mvua pia aliijua. Sisi tuko juu ya ikweta, na wageni husimama hapo barabarani kupigwa picha kana kwamba mstari wenyewe unaonekana. Jua la adhuhuri hukaa utosini, lakini ikifika saa tisa ziwa hutuma wingu lake. Basi aliosha alfajiri, akaanika sufu kivulini, uso chini ili rangi isipauke, na saa nane kila kitu kilikuwa kimekunjwa. Zulia langu la Jumamosi lilinyeshewa.

Nailoni ilipoingia, aliutazama uzi ukiyeyuka kuwa shanga ngumu, akatema mate. Lakini aliiosha, tena kwa maji mengi, kwa kuwa inastahimili. Baadaye kikaja chuo kikuu, hosteli, mazulia ya plastiki yanayokatwa kwa mita. Dobi akafa. Kibanda kikawa cha kuchaji simu, kisha cha M-Pesa, sasa sijui wanauza nini.

Wale vijana wa pampu si wajinga, nakubali shingo upande. Wamejifunzia kwenye polipropilini, uzi usiokunywa maji, unaopigwa pampu asubuhi na mchana umekauka. Kinachoniudhi ni kwamba hawaulizi. Wanauliza ukubwa tu, wakutajie bei.

Jioni nilimpa mjukuu kiberiti. Akachomoa uzi kwenye kapeti lake la manyoya-manyoya la hosteli. Ukayeyuka, ukadondoka, ukatoboa kitambaa changu cha meza.

"Hilo peleka," nikamwambia.

Akachomoa mwingine kwenye langu. Akaunusa mara mbili, kisha akaenda jikoni kutafuta siki.