Ukweni Katumba

Niliolewa miaka mingi kabla sijaiona Katumba. Ndoa yetu ilifungwa Dodoma, wakwe wakaja wao, na kila likizo ilipofika kulikuwa na sababu ya kuahirisha safari. Kwetu Morogoro mke asiyefika ukweni husemwa, na shangazi zangu walinisema bila kuficha. Basi mwaka mmoja, mahindi ya huko yalipokuwa yamekauka shambani, mimi na mume wangu tukapanga likizo zetu zikutane, tukaenda Tabora, tukapanda treni ya Mpanda.

Kaliua ndipo njia zinapoachana. Moja inaendelea magharibi hadi Kigoma, nyingine inakata kusini kuelekea Mpanda, na ukishaingia hiyo ya pili miji inakwisha. Reli hii ilijengwa zama za Mwingereza kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda, si kwa ajili ya watu, na mpaka leo unaona wazi kwamba ilipitishwa porini. Ni miombo tu, saa baada ya saa, na juu ya miti mizinga ya nyuki. Kwenye vituo vidogo watu walikimbilia madirishani na karanga za kuchemsha, mihogo, na asali nyeusi iliyotiwa kwenye chupa za maji. Tulivuka mto Ugalla watoto wa behewa letu wakigombea dirisha. Mume wangu, ambaye Dodoma huongea kwa kupima, alizidi kuchangamka kadiri tulivyosogea. Alinitajia majina ya vituo kabla treni haijafika.

Tuliposhuka Mpanda tukachukua gari ya kurudi nyuma kidogo hadi Katumba. Njiani alinionyesha mahali ambapo alipokuwa mtoto magari yalisimamishwa na kila abiria akaonyesha karatasi yake. Leo hapana kitu pale, ila vumbi na mama mmoja anayeuza nyanya.

Ni lazima nieleze karatasi hizo, maana bila hizo msomaji hataelewa kilichotokea baadaye mjini. Katumba ilianzishwa mwaka 1973 kuwapokea Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Kulikuwa na makazi mengine ya aina hiyo: Ulyankulu upande wa Tabora, na baadaye Mishamo. Watu walipewa ardhi ya msitu, wakaufyeka, wakalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku, na baada ya miaka michache hawakuhitaji tena chakula cha msaada. Wengi hujua kwamba Mwalimu Nyerere alipewa tuzo ya Nansen mwaka 1983 kwa namna Tanzania ilivyowapokea wakimbizi. Wasilolijua wengi ni maisha ya ndani ya mapokezi hayo. Mkimbizi kisheria alitakiwa kukaa ndani ya eneo lake, na akitaka kutoka aombe kibali. Kwenda hospitali mjini, kibali. Kwenda kumzika ndugu Ulyankulu, kibali. Watoto waliozaliwa Katumba, wakakua, wakaoa, wakapata watoto wao, waliishi hivyo.

Mwaka 2007 serikali ikawapa nafasi ya kuchagua kurudi Burundi au kuomba uraia. Mwaka 2010 ikatangazwa kwamba zaidi ya watu 162,000 wa makazi haya matatu wamekubaliwa. Lakini vyeti havikutoka. Viliambatanishwa na sharti la kuhama, watu watawanywe kwenye mikoa mingine, waache mashamba, makaburi na makanisa waliyojenga kwa mikono yao. Kwa miaka minne wakawa si wakimbizi tena, na hawakuwa na karatasi ya kuonyesha kuwa ni raia. Sharti lile hatimaye likaachwa, na Oktoba 2014 vyeti vikaanza kugawiwa.

Mama mkwe wangu alikipata chake. Amekitia ndani ya jalada la plastiki, na jalada limo ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kadi za kliniki za watoto wake wote, risiti za chama cha msingi cha tumbaku, na vibali vya zamani ambavyo wino wake umefifia. Jioni ya kufika kwetu, baada ya ugali wa muhogo na maharage, alinifungulia mfuko ule kama wengine wanavyomfungulia mgeni albamu ya picha. Alinionyesha kibali kimoja cha miaka ya themanini. Alikuwa akienda Ulyankulu kwenye harusi ya mdogo wake, na safari hiyo ilitaka treni hadi Kaliua, kisha barabara. Ofisa aliyekuwa zamu alimuuliza harusi ni lini, akahesabu siku za treni, maana treni haikuja kila siku, kisha akaandika tarehe ya kurudi inayolingana na treni. Asingeijali ratiba, Mama angerudi amepitwa na tarehe bila kosa lake, na kupitwa na tarehe lilikuwa kosa kubwa.

"Alikuwa mkali yule," Mama akaniambia. "Lakini alikuwa anakuuliza."

Nililala nikiliwaza neno hilo, sikujua litanirudia upesi vile.

Siku zilizofuata zilikuwa za shamba. Mahindi hayangoji, na Mama alikuwa amewaita vibarua wa kuvuna. Pesa za kuwalipa, alizopata kwa kuuza karanga, zilikuwa kwenye simu. Simu yenyewe ilikuwa imedondoka kutoka kwenye baiskeli na kupotea na laini ndani yake. Mume wangu akabaki shambani na vibarua, mimi na Mama tukapanda gari ya asubuhi kwenda Mpanda kurudisha laini. Alivaa kanga mpya na akabeba mfuko wake wa nailoni.

Duka tuliloingia lilikuwa safi, lina viti na feni. Kijana aliyetuhudumia alimwamkia Mama shikamoo kwa adabu, na adabu hiyo hakuiacha mpaka mwisho. Nataka hilo lieleweke. Hakutukana, hakuinua sauti, hakuomba chochote.

Akaomba kitambulisho cha taifa cha NIDA. Mama akatoa karatasi yenye namba yake.

"Hii ni namba, bibi. Mimi nahitaji kadi yenyewe."

"Kadi haijanifikia, mwanangu. Namba si ndiyo hiyo?"

"Utaratibu wetu ni kadi."

Hapo nikaingilia, kwa sababu nilikumbuka vizuri usajili wa laini kwa alama za vidole ulivyokuwa. Ulipoanza mwaka 2019 nchi nzima ilihangaikia namba, si kadi. Foleni za NIDA zilikuwa ndefu kiasi kwamba muda ulipokaribia kwisha, mwisho wa Desemba, Rais Magufuli aliongeza siku 20, hadi tarehe 20 Januari 2020. Mamilioni walisajili laini zao kabla hawajaiona kadi. Nilimweleza kijana hivyo, naye akaenda kumuuliza mwenzake chumba cha nyuma. Akarudi akasema sawa, namba inatosha. Hakuona haya wala hakukasirika. Kumbe alikuwa akilinda sharti ambalo hakuwahi kulisoma, na tungekuwa wepesi wa kukata tamaa tungeondoka mlangoni pale pale.

Kisha kikaja kidole. "Dole gumba la kulia, bibi." Mama akaweka. Mashine ikakataa. Akajifuta kwenye kanga, akaweka tena, ikakataa. Mikono ile imeshika jembe kwa nusu karne. Imemenya mihogo, imefunga majani ya tumbaku msimu baada ya msimu. Mistari ya dole gumba imelika, ukiligusa ni laini kama upande wa ndani wa kibuyu. Nikauliza kama kidole kingine kingefaa.

"Linalotakiwa ni gumba la kulia."

Mama akafungua mfuko wake, akatandaza juu ya kaunta cheti cha uraia, kadi ya mpiga kura na barua ya mtendaji wa kijiji. Kijana akavisogeza taratibu kwa ncha ya kalamu. "Hivi sivihitaji, bibi. Mfumo umekataa."

Mama akauliza swali ambalo kwake lilikuwa la kawaida kabisa: "Ni nani anayeweza kuruhusu?"

"Hakuna. Mfumo ndio huo. Labda urudi Jumatatu."

Jumatatu kidole kingekuwa kilekile. Sidhani kama kuna mtu aliyemwandikia sentensi hiyo. Ilitoka tu, kwa sababu foleni ilikuwa nyuma yetu na "Jumatatu" huondoa watu kaunta. Akamwita anayefuata.

Nilikasirika kuliko Mama. Yeye alikuwa akizipanga karatasi zake upya, moja moja, kwa mpangilio ule ule, kwa uvumilivu uliotokana na miaka ya kusimama mbele ya meza za watu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mwanamke huyu ameombwa uthibitisho wa nafsi yake tangu ni binti, na ameutoa kila mara. Sasa ni raia, ana cheti chenye muhuri wa Jamhuri, na bado anaambiwa hatoshi, safari hii kwa sababu ya kazi iliyolisha familia yake na wengine wengi.

Sipingi kusajili laini. Nimepokea, kama kila Mtanzania, ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na namjua mtu aliyetuma. Mwizi akiweza kurudisha laini ya Mama kwa maneno matupu, pesa za karanga zimekwenda. Kanuni ina haki yake. Ninachopinga ni ile kaunta ambako aliyepewa kanuni hataki kuijua zaidi ya mstari wa kwanza, halafu ujinga huo unaitwa msimamo. Na katika miji kama Mpanda, ambako mteja ametoka kijijini kwa nauli ya kukopa, mstari mmoja uliosomwa nusu humgharimu siku nzima.

Karibu na stendi kulikuwa na duka lingine la kampuni hiyohiyo, dogo, bila feni. Mama hakutaka kuingia. Nilimwomba kwa ajili ya vibarua, akakubali.

Dada wa pale hakuanza na mashine. Alianza kwa kuuliza. Laini ilipotea wapi, lini? Namba zipi ulikuwa unazipigia mara kwa mara? Kwenye akaunti kilibaki kiasi gani, na pesa ya mwisho iliingia kutoka kwa nani? Mama akajibu yote, mpaka mia ya mwisho, na namba ya mume wangu akaitaja kichwani bila kusita. Ndipo dada akamshika mkono, akautazama chini ya mwanga wa mlango, akachukua kitambaa chenye maji na kuufuta.

"Gumba limekwisha, mama. Tujaribu vingine, hapa kwenye mashine unachagua."

Kidole cha shahada kikakataa. Cha kati kikakataa. Akaenda mkono wa kushoto, na kidole cha pete kikasoma.

Nimelifikiria tukio hili sana tangu siku ile, na kila mara narudi kwenye maswali ya yule dada. Alikuwa mkali kuliko kijana. Kijana angemhudumia yeyote mwenye kadi na dole gumba lenye mistari, hata kama hajui laini ilipotelea wapi. Dada yule mwongo asingempita, na mama wa watu akapita. Kampuni ilikuwa moja, mashine za aina moja, kanuni moja, na kati ya kaunta zile mbili ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Kwa hiyo nikimsikia mtu akisema "mfumo umekataa", sasa namuuliza: mfumo umeulizwa nini?

Mama naye alikuwa na hesabu yake. Tulipokuwa tukisubiri gari ya kurudi alimweka dada huyo pamoja na ofisa wa kibali cha harusi, na akawataja wengine wachache wa miaka tofauti: muuguzi mmoja, karani wa ushirika, mwalimu aliyemwandikisha mtoto ambaye cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa hakijatoka. Hakuna hata mmoja aliyemvunjia sheria, alisema. Aliwakumbuka wote, na kwa baadhi yao alikumbuka hata viatu.

Vibarua walilipwa jioni hiyohiyo uani, kwa simu, kila mmoja akisubiri mlio wa ujumbe kabla ya kuaga. Habari zilishafika kwa jirani, mama wa umri wa Mama, ambaye laini yake ilikuwa imefungwa siku nyingi kwa sababu ya vidole na alikuwa amekwisha kubali kuishi bila simu. Alikuja akiwa ameshika karatasi yake ya namba. Mama alimkalisha chini, akamfundisha njia ya kufika dukani kutoka stendi, akamwambia anawe mikono kwa maji ya moto kabla ya kutoka, akamsisitizia aikumbuke pesa ya mwisho iliyoingia na aliyeituma. Kisha wakaanza kukagua vidole vyao kwa mwanga wa tochi, kimoja baada ya kingine, wakibishana ni kipi kati ya hivyo kimebaki na mistari ya kutosha kwenda nacho mjini kesho.