Baba, mwana na mwaka wa pikipiki ya theluji

Kwa wiki tatu mfululizo, meza ya chakula katika nyumba moja kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, ilikuwa na mada moja tu: mwaka. Si mwaka wa masomo, wala mwaka wa kurudi Mwanza kuwasalimia wazee. Ni mwaka wa kutengenezwa kwa pikipiki ya theluji.

Kwa asiyeijua, pikipiki hiyo haina magurudumu. Mbele ina skii mbili za kuongozea, chini ina mkanda mpana wa mpira unaozunguka na kuisukuma, na juu ina usukani unaofanana na wa bodaboda. Huko kaskazini vijana huitamani kama vijana wa huku wanavyoitamani bodaboda ya kwanza, na wazazi wao hukosa usingizi kwa sababu zilezile.

Baba wa nyumba hiyo ni dereva wa lori, mzaliwa wa Mwanza. Mama ni muuguzi wa idara ya dharura. Kijana wao alikuwa na miaka 15 na miezi kadhaa, na alishasoma kila kitu kuhusu Polaris Indy, pikipiki za mbio zinazotengenezwa na kampuni iliyoanzia Roseau, mji mdogo ulio karibu na mpaka wa Kanada.

Kijana alitaka Indy 650 ya mwaka 1988. Hiyo ina silinda tatu, na kwa wapenzi wa vyombo hivi mlio wake ni muziki. Baba alitaka Indy 500 ya mwaka 1989, mwaka wa kwanza wa toleo hilo. Ina silinda mbili, inapozwa kwa maji, na injini yake huchoma oili pamoja na petroli kama mashine za mitumbwi alizokuwa akizifungua na kuzifunga na baba yake mdogo ufukweni Mwanza. Harufu ile ya moshi aliijua tangu akiwa na miaka minane.

"Baba, ya 1989 ni polepole," kijana alilalamika.

"Polepole kwenda wapi?" baba akauliza.

Swali lilikuwa zuri. Sheria ya Minnesota inaweka kikomo cha maili 50 kwa saa, sawa na kilomita 80, katika ardhi na maziwa ya umma. Indy 500 ikiwa nzima inakipita kikomo hicho bila kutokwa jasho.

Baadaye zikaongezeka hoja nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalikuja matoleo yanayoingiza petroli kwa umeme badala ya kabureta. Huwaka vizuri zaidi asubuhi yenye baridi kali, lakini yakiharibika, fundi wa nyumbani anaweza kukwama. Miaka michache baadaye zikaja springi zenye mwendo mrefu, zinazomeza mabonde na matuta. Mgongo wa mtu anayekaa juu ya lori kutwa nzima huusikia upesi utofauti huo, na baba alianza kuyumba. Kijana akaona mwanya, akamletea orodha mpya ya miaka.

Mama alikuwa kimya muda wote huo, akisonga ugali. Siku moja akaweka mwiko chini.

"Baba watoto, mnabishana mwaka wa chuma. Mbona hakuna anayeuliza mwaka wa mtoto?"

Akawaeleza anachokiona kazini kila msimu: mifupa iliyovunjika, vichwa vilivyogonga miti, watoto waliopewa mashine yenye nguvu kuliko mikono yao. Sheria ya jimbo hilo inamruhusu mtoto kuanzia miaka 12 mwenye cheti cha mafunzo ya usalama kuendesha katika maeneo ya umma. Lakini chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri asiyetimiza miaka 16 asiendeshe kabisa, na wa chini ya miaka sita asipakiwe hata kama abiria. Mama alishika neno la madaktari. Pikipiki ingenunuliwa, lakini ingekaa bandani mpaka kijana atimize 16, na cheti kiwe mkononi.

Kijana alinuna siku mbili, kisha akarudi na hoja ya kumlainisha mama. Alisoma kwamba Joseph-Armand Bombardier, fundi wa Valcourt, Quebec, aliyetengeneza Ski-Doo mwaka 1959, alifiwa na mwanawe Yvon majira ya baridi ya mwaka 1934. Mtoto alikuwa na miaka miwili. Tumbo lake lilipata maambukizi makali, na barabara zilikuwa zimefungwa na theluji, hospitali haifikiki. Miaka mitatu baadaye Bombardier alipata hakimiliki ya mfumo wake wa mkanda, akaanza kutengeneza magari makubwa ya theluji yaliyobeba madaktari na wagonjwa.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Pole yake mzee huyo," alisema. "Miaka 16."

Wakaenda kuangalia pikipiki. Ya kwanza, iliyotangazwa kuwa ya 1989, ilikuwa na boneti ya mwaka mmoja na injini ya mwaka mwingine, na kipimo cha mgandamizo kilionyesha silinda moja dhaifu kuliko mwenzake. Petroli ya zamani iligandia ndani ya kabureta, mafuta yakapita kidogo, pistoni ikaungua. Ya pili, ile 650 ya ndoto, iliwaka kwa kishindo, lakini panya walikuwa wamejenga kiota kwenye njia ya hewa na meno ya mkanda yalikuwa yamenyofoka. Kijana mwenyewe ndiye aliyeona, akatikisa kichwa. Tangu siku hiyo baba alimwachia tochi.

Ya tatu ilikuwa Indy 500 ya mwaka 1991, mwaka ambao hakuna aliyeutaja mezani hata mara moja. Mwenyewe alikuwa mzee aliyestaafu. Kila masika aliondoa petroli yote kwenye kabureta, na kila tarehe aliiandika kwa penseli kwenye ukuta wa banda. Silinda zote mbili zilitoa vipimo vinavyokaribiana. Haikuwa na springi zile za mwendo mrefu. Baba aligusa mgongo wake, akacheka, akalipa. Walipofika nyumbani walifunga kamba ya usalama inayoizima injini mwendeshaji akianguka, na mama akanunua kofia ngumu mpya mbili, wala hakutaka kusikia habari za mtumba.

Kilichobaki ni jambo ambalo baba hakuwa amelisema kwa mtu. Kaka yake mkubwa alichukuliwa na Ziwa Victoria, na mwili haukuonekana. Majira ya baridi kumi na moja Minnesota, baba hajawahi kukanyaga ziwa lililoganda. Watu huvua samaki juu yake, yeye hutazama kutoka barabarani.

Kijana alitimiza miaka 16 mwezi Januari. Jumamosi iliyofuata walisimama ufukweni. Mwongozo wa jimbo unataka barafu safi na ngumu ya inchi nne kwa mtu anayetembea, na inchi sita hadi saba kwa chombo kama hicho. Kijana alitoboa tundu la kwanza, akatumbukiza rula.

"Tisa, Baba."

Baba alimwita mama kutoka kwenye gari aje aone. Kisha akavuta pumzi, akaweka mguu mmoja juu ya barafu, akauacha hapo.

"Sogea hatua kumi," alimwambia mwanawe. "Toboa tena."