Maji ya Newala na Damu ya Kichwani

Ndugu msomaji, nataka kukusimulia kosa nililolifanya mimi pamoja na jamaa zangu, ili wewe usije ukalifanya. Sikusimulii kwa kupenda. Lakini tangu jambo hili litupate, nimeona kwamba nyumba nyingi huku kwetu zina kosa kama hilo, wala halitajwi, maana kila mtu hudhani ni mapenzi ya Mungu tu.

Ulikuwa msimu wa korosho. Nilitoka Masasi nikapanda kwenda upande wa Newala kumsaidia kaka yangu kuokota. Kaka ana miaka 61, mtu mwenye nguvu, na kwa miaka mingi alikuwa msomaji wa masomo kanisani. Sauti yake ilifika mlango wa nyuma bila kipaza sauti. Asubuhi ile tulikaa chini ya mkorosho tukitenganisha korosho na mabibo. Mara ndoo ikamponyoka mkono wa kulia. Nikacheka, nikamwambia, "Kaka, uzee umeingia." Akataka kunijibu, lakini maneno yakatoka kama ya mtu mwenye tonge mdomoni, na mdomo wake ukashuka upande mmoja.

Tulimlaza kivulini. Shemeji akasema ni upepo mbaya. Mzee mmoja jirani akasema ni jua na njaa. Haikupita nusu saa, kaka akainuka mzima, akanywa uji, akashika tena ndoo yake. Tukamshukuru Mungu tukaendelea na kazi. Jioni nikamwambia, "Kesho twende hospitali." Akanijibu, "Niende nikaseme naumwa wapi?" Kweli, hakuwa na maumivu popote. Nami sikumshurutisha, kwa kuwa korosho zilikuwa chini na wingu lilikuwa juu.

Siku ya sita, alfajiri, mkono ule ule ukalegea, na mguu pamoja nao, na sauti ikakatika. Safari hii havikurudi. Hata hivyo tulipoteza saa nyingi tukingoja vipite kama mara ya kwanza, tukafika hospitali alasiri.

Daktari aliyetupokea alikuwa kijana, mpole. Baada ya kumhudumia kaka aliniita pembeni akaniuliza, "Baba, hii ni mara ya kwanza?" Nikamweleza habari ya ndoo. Akanyamaza kidogo, kisha akachukua karatasi na kalamu. Akaniuliza, "Newala wanapata wapi maji?"

Swali lile lilinishangaza, lakini nilijibu. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mto. Zamani mama zetu walishuka genge na kulipanda tena, mtungi kichwani. Tangu miaka ya 1950 mitambo husukuma maji kutoka bondeni, huko Mitema upande wa Kitangari, yakapanda kwa mabomba hadi juu. Mtambo ukizimika, au bomba likiziba, watu wa juu hutazama bomba kavu.

"Basi," akasema, "kichwa ndiyo Newala yako, na moyo ndio mtambo wa bondeni."

Akachora mabomba makubwa 4 yapandayo shingoni. Mawili yako mbele, kulia na kushoto. Weka vidole kando ya koo lako utayasikia yakipiga. Mawili mengine ni membamba, nayo hupita nyuma katika matundu ya mifupa ya shingo. Hayo ya nyuma huungana kuwa moja yakiisha kuingia kichwani. Kisha, chini ya ubongo, yote hukutana na kufanya duara. Duara hilo limeitwa kwa jina la mganga Mwingereza, Thomas Willis, aliyelieleza katika kitabu chake cha mwaka 1664. Na mmoja wa waliomchorea picha za kitabu hicho ni Christopher Wren, yule yule aliyebuni Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo la London.

Kazi ya duara hilo ni hekima tupu. Bomba moja likiziba polepole, mengine huweza kuleta maji kwa kuzunguka. Lakini si watu wote ambao duara lao limekamilika. Tena, kupita duara, kila tawi huenda kwenye kijiji chake. Tawi likiziba huko mbele, jirani hawawezi kusaidia sana, na kijiji hicho hukauka.

Ubongo ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili, lakini hutumia karibu sehemu 20 katika 100 za hewa ya oksijeni tuivutayo. Wala hauna ghala. Damu ikikatika kabisa, mtu huzimia katika sekunde chache, na baada ya dakika chache chembe za ubongo huanza kufa. Zikifa hazioti tena kama muhogo.

Kwa kaka, tawi lililoziba ni la upande wa kushoto, lilishalo sehemu ya maneno na sehemu iamrishayo mkono wa kulia, maana upande wa kushoto wa ubongo hutawala upande wa kulia wa mwili. Ile siku ya ndoo, donge dogo la damu lilikwama hapo, kisha likayeyuka, damu ikapita tena. Ndiyo sababu alipona. "Lakini ule haukuwa upepo," daktari akasema. "Ilikuwa barua. Mtu aliyepata hali hiyo yumo hatarini, na hatari kubwa ni katika siku chache za kwanza. Mngemleta siku ile, tungempima presha na sukari, tungempa dawa, na huenda la pili lisingekuja."

Msomaji wangu, wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mimi niliyatazama mawingu ya mvua kwa ajili ya korosho, nisiyatazame yaliyokuwa juu ya ndugu yangu.

Nikauliza, "Na damu ikishapanda, hushuka kwa njia gani?" Daktari akafurahi, akasema watu wengi hawaulizi. Damu iliyokwisha kutumika hukusanywa na mishipa myembamba isiyo na milango ya kuizuia isirudi nyuma. Hiyo humwaga damu katika mifereji iliyo ndani ya ngozi ngumu inayofunika ubongo. Mfereji mkubwa hupita juu, katikati ya kichwa, toka paji la uso hadi kisogoni. Kwa mtoto mchanga hupita chini ya utosi. Huko nyuma mifereji hugawanyika kulia na kushoto, ikapinda nyuma ya masikio, ikashuka shingoni kurudi moyoni.

Mifereji hii nayo huweza kuziba, ingawa si mara nyingi, na maji yakikosa pa kutokea shamba hufurika. Kwa hiyo usitumbue jipu lililo puani au juu ya mdomo, maana damu ya hapo ina njia ya kuingia kwenye mifereji ya ndani, na usaha huweza kuifuata. Sikio la mtoto litokalo usaha litibiwe, kwa kuwa mfereji uko karibu nalo sana. Na mama aliyejifungua majuzi, akipata maumivu makali ya kichwa yasiyokoma, au macho kuona ukungu, au kifafa, asiambiwe ni uchovu wa uzazi. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Wako wasemao kwamba kiharusi ni ugonjwa wa wazungu na matajiri. Si kweli. Wachunguzi walihesabu wagonjwa wa kiharusi katika wilaya ya Hai na katika Dar es Salaam kwa miaka 3 kuanzia 2003. Matokeo yalitolewa mwaka 2010: ukilinganisha watu wa umri sawa, Dar es Salaam ilikuwa na wagonjwa wapya karibu mara 3 ya Hai, na hata Hai, shambani, hawakuwa wachache. Mzizi mkubwa ni presha, nayo haina maumivu. Kaka hakupata kupimwa hata mara moja.

Basi, yashike haya. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakivurugika kwa ghafla, angalia saa, kisha tafuta gari au pikipiki. Usingoje kuche. Usimpe chakula wala kinywaji, maana huweza kumpalia. Usimpe aspirini kabla ya daktari kumwona, kwa kuwa huenda mshipa umepasuka badala ya kuziba. Akipoteza fahamu mlaze ubavu. Na hali ikipita yenyewe, nenda vile vile; hapo hasa ndipo wengi wetu hukosea. Sala tunaweza kusali njiani.

Sasa ni mwaka wa pili. Kaka anatembea kwa fimbo. Anatuelewa yote tusemayo, lakini hawezi kuomba hata kikombe cha maji. Hunyoosha mkono wa kushoto tu. Masomo ya Jumapili husomwa na mwanawe. Lakini wimbo ukianza, kaka huimba, na maneno hutoka mazima, beti kwa beti. Daktari alinieleza kwamba wimbo husaidiwa pia na upande wa kulia wa ubongo, ule ambao kwake haukukauka.

Mara ya kwanza alipoimba, shemeji alilia. Mimi nilimshukuru Mungu, kisha nikatoka nje, maana nilikumbuka jinsi nilivyocheka ile ndoo ilipoanguka.