Kioo Kidogo Ukutani

Wengi wenu mwaikumbuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulipopasuka na moto wake ukashuka mpaka karibu na uwanja wa ndege wa Goma. Siku zilizofuata nchi ilitetemeka mara kwa mara, na nyufa zikatokea mjini. Sisi nasi tulikimbilia Sake. Tuliporudi mwezi wa Juni, tulikuta ufa katika ukuta mmoja wa nyumba yetu. Je, ukuta umetulia, au ungali unainama? Watoto walale ndani au nje? Fundi alileta timazi yake, lakini haikuonyesha kitu.

Ndipo tukakumbuka mchezo wa utoto: kushika kioo juani na kurusha mwanga ukutani. Mkono ukitikisika kidogo tu, mwanga waruka mbali. Sababu ni hii: kioo kikigeuka, mwanga unaorudi hugeuka mara mbili yake. Kwa kanuni hiyo mafundi wa lenzi na vioo hupima pembe ndogo sana, kwa chombo kiitwacho otokolimeta.

Basi, tulibandika kipande cha kioo kwenye ukuta ule. Kwenye ukuta wa kuikabili, meta 5 mbali, tulifunga imara taa ndogo ya leza, na kando yake karatasi. Nukta nyekundu iliangukia karatasi, tukaichorea alama. (Mtoto asiitazame taa hiyo kwa jicho!) Digrii moja ina dakika 60, kioo kikiinama dakika 1 tu, nukta husogea karibu milimita 3.

Asubuhi ya pili nukta ilikuwa imeshuka milimita 4. Huenda ukuta uliinama kuelekea ndani, huenda ni gundi iliyokuwa ikikauka. Tukalala nje. Siku ya tatu ilishuka milimita 1. Kisha siku 10 haikutoka mahali pake. Fundi akaziba ufa, watoto wakaingia ndani.

Lakini tusijidanganye. Kioo kilitueleza habari za ukuta, si za mlima. Hata wataalamu, walipochunguza vipimo vyao baadaye, waliona kwamba dalili za wazi zilianza kama dakika 40 tu kabla ya mlima kupasuka. Kwa hiyo karatasi ile tumeiacha ukutani, na kila asubuhi twaitazama. Na mfuko wa safari ungali karibu na mlango.