Aliyeosha Kikombe

Katibu wa usharika aliposoma jina la bibi yangu kwenye matangazo ya Jumapili, watu walitazamana. Jina la ubatizo, la baba, la ukoo: yote matatu yaliwapita kama ya mtu wa mbali. Kisha akaongeza, "yaani Mama Mchungaji," na kanisa zima likaguna. Mama mmoja kwenye mabenchi ya nyuma akaanza kulia kwa sauti.

Ni usharika aliosali tangu Babu alipostaafu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mwendo mfupi kutoka kwenye kihamba chetu. Watu wale walikuwa wamekula kwake, wameshonewa na kuombewa naye. Hawakuwa na sababu ya kulijua jina lake jingine. Kwa miaka zaidi ya hamsini lile la cheo cha mumewe lilitosha.

Babu alisomea uchungaji Makumira, akarudi mlimani na kuanza kuhamishwa. Kanisa letu la Kilutheri lina utaratibu wake: mchungaji hukaa usharika mmoja miaka kadhaa, kisha hutumwa kwingine. Mama yangu anasema mchungaji huletewa barua ya uhamisho, na mke wake huletewa magunia ya kufungia vyombo. Bibi alipanda parachichi kwenye nyumba nne za usharika. Mti wa parachichi hauna haraka, na kila ulipokaribia kuzaa, barua ilikuwa imefika. Alichosema ni kwamba watakaokuja nyuma watakuwa na watoto, na watoto hupenda parachichi.

Siku moja kabla ya mazishi nilipewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa chuo kikuu. Wasifu wa msibani una njia yake iliyokwisha kuchongwa. Marehemu alizaliwa, akabatizwa, akapata kipaimara, akafunga ndoa, akajaliwa watoto, akaanza kuugua. Shangazi zangu walikaa jikoni wakinitajia, nami naandika. Tulipofika mwisho nilisoma kwa sauti na tukasikia wote: baada ya mstari wa ndoa, mtendaji wa karibu kila sentensi alikuwa Babu. Babu alihamia hapa, Babu alijenga kanisa pale, Babu alichaguliwa mkuu wa jimbo. Bibi "alishirikiana naye bega kwa bega". Shangazi mkubwa alifuta mikono kwenye kitenge chake akasema, "Hilo bega lilikuwa linafanya nini sasa?" Wote wakacheka. Kisha wakaanza kusimulia, na hayo waliyosimulia hayakuwa na mahali pa kukaa kwenye karatasi ile.

Walianza na pesa. Posho ya mchungaji ilitoka kwenye sadaka, na mlimani sadaka ilitoka kwenye kahawa. Msimu ukiwa mzuri mchungaji alilipwa, ukiwa mbaya aliombwa asubiri. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ya kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka. Wapo waliong'oa mibuni. Sadaka ikapungua, lakini wageni wa nyumba ya mchungaji hawakupungua, maana shida iliyompunguzia mchungaji posho ndiyo iliyomletea watu mlangoni. Bibi alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa na cherehani ya miguu. Alishona nguo nyeupe za watoto wa kipaimara, akalipwa mara nyingine fedha, mara nyingine mkungu wa ndizi. Mama yangu na ndugu zake walisoma sekondari kwa maziwa na cherehani ile. Wasifu wetu ulisema Babu aliwasomesha watoto wake wote.

Wakafika kwenye mnada. Wengi wetu tuliokulia makanisa ya huku tunaujua: ibada ikiisha, sadaka za mazao hutolewa nje na mzee wa kanisa huanza kunadi kuku, ndizi, maboga, mayai. Kulikuwa na mjane aliyeleta mayai mawili au matatu kila Jumapili kwenye bakuli la bati, na vijana walikuwa wameanza kutabasamu bakuli lile likiinuliwa. Bibi akawa ndiye anayelinunua. Hakusubiri mtu ataje bei. Alitaja yake, mara mbili ya bei ya sokoni, kwa sauti ambayo haikuwa na utani ndani yake, na baada ya wiki chache vijana wakaacha kutabasamu. Jioni alimtuma mama yangu, akiwa mtoto wa miaka tisa hivi, arudishe mayai yale kwa mjane. Ujumbe ulikuwa mmoja kila mara: "Mwambie Mama Mchungaji anasema kuku wake wametaga mengi wiki hii, haya yamezidi." Mama anasema nyumbani hawakuwa na kuku hata mmoja.

Hadithi ya tatu shangazi waliisimulia kwa sauti ya chini, ingawa ina miaka mingi na wahusika karibu wote wametangulia. Msichana wa kwaya alipata mimba nje ya ndoa. Baraza la wazee lilikaa, na kama ilivyokuwa desturi, aliwekwa chini ya nidhamu: asishiriki meza ya Bwana wala asiimbe kwaya mpaka siku atakaporudishwa kundini mbele ya watu wote. Aliyelisoma jina lake madhabahuni alikuwa Babu. Jina la mwanamume halikusomwa, kwa kuwa hakuna aliyekubali kuwa ndiye. Msichana alipojifungua, majirani walisitasita kwenda kumwona, wakiogopa kuonekana wanabariki kosa. Bibi alipika mtori, akaumimina kwenye sufuria lenye kifuniko, akalibeba kichwani mchana kweupe kwa njia ya kanisani, iliyokuwa ndefu kuliko ile ya migombani. Alifanya hivyo siku kadhaa mfululizo. Wanawake wengine walipoona Mama Mchungaji amepita, nao wakapita.

Nilipokuwa kidato cha sita niliwahi kumuuliza kuhusu hilo, kwa maana mama alikuwa amenidokeza. Nilitaka kujua kama waligombana na Babu. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa. "Tugombane nini? Yule mtoto alikuwa amezaa. Mzazi hulishwa."

"Lakini Babu ndiye aliyemtenga, Bibi."

"Babu yako alisoma barua ya baraza. Ndizi alizileta nani kutoka shambani, unadhani?"

Sikulijua hilo, wala shangazi zangu hawakulijua nilipowaambia jikoni usiku ule. Tulinyamaza kidogo. Sijui ndoa yao ilibeba mazungumzo gani. Najua kwamba mchana wa Jumapili mtu mmoja alisoma tangazo, na Jumatatu mtu huyohuyo akakata mkungu wa mtori na kuuweka kwenye mlango wa jikoni.

Kwenye shahada yangu ya uzamili tunasoma sana juu ya kazi za wanawake zisizolipwa, na kuna njia za kuzihesabu: saa ngapi za kupika, za kulea, za kuuguza, kisha unazipa bei. Nimejaribu kumhesabia Bibi. Saa za cherehani zinahesabika. Lakini njia ile ndefu ya kanisani naiweka kwenye safu gani? Naye mwenyewe angelikataa neno "isiyolipwa". Kwake ulikuwa wito, na wito haudai malipo. Nami najibu, kichwani, kwamba wito wa Babu ulikuwa na posho, hata ikichelewa, na ulikuwa na barua yenye jina lake. Ubishi huu sijaumaliza. Namheshimu mno kumfanya mtu aliyedhulumiwa bila kujua, na namheshimu mno vilevile kujifanya kwamba hakuna alichonyimwa.

Kwa sababu kipo alichonyimwa, na alikijua. Mwaka 1990 Mkutano Mkuu wa KKKT ulikubali wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji. Bibi alikuwa ameshapita miaka hamsini. Nilimuuliza, siku ileile ya ndizi, kama angependa kuwa mchungaji. Alicheka. "Halafu nani angepika?" Nikacheka pia. Akaendelea kumenya, akamaliza ndizi mbili tatu, ndipo akasema, kama anayezungumza na kisu, "Ningependa kukishika kikombe."

Kila Jumamosi, katika kila usharika waliotumikia, yeye ndiye aliyefua na kupiga pasi vitambaa vya madhabahu. Kila Jumapili ibada ikiisha, kikombe cha ushirika kilimfikia kikiwa kitupu, akakiosha kwa maji ya moto, akakifuta na kukirudisha kabatini. Alikifahamu kuliko Babu. Alijua mahali kilipobonyea, na kwamba ukikifuta kwa kitambaa kipya kinaacha manyoya. Lakini kikiwa na divai ndani yake, kikipita mdomo kwa mdomo, alikipokea akiwa amepiga magoti kama washirika wengine wote. Mjane wa mayai, yule msichana siku aliporudishwa kundini, watoto waliovaa nguo alizozishona: Babu ndiye aliyewanywesha.

Niliwauliza shangazi kama niliweke hilo kwenye wasifu. Wawili walisema si la kusoma msibani, watu watadhani Bibi alikuwa na manung'uniko. Shangazi mkubwa alisema andika. Tuliandika sentensi moja, kwamba alitunza vyombo vya meza ya Bwana kwa uaminifu katika sharika zote alizoishi, na lile aliloniambia nimelibakiza mpaka leo.

Usharika ule sasa una mchungaji mwanamke, kijana, hodari wa kuhubiri. Mume wake ni mhasibu mjini Moshi, hurudi jioni. Watu bado wanahangaika wamwite nani, na hakuna anayemtarajia ashone nguo za kipaimara wala apike uji wa wageni wa jimbo. Ni sawa asitarajiwe. Ila kazi ile bado ipo. Wajane wapo, na wanaojifungua bila mtu wa kuwapikia wapo. Sehemu yake imechukuliwa na jumuiya za nyumba kwa nyumba, sehemu na kundi la simu ambako michango hutangazwa ikiwa na majina na kiasi. Sehemu nyingine, nadhani, imeanguka chini tu, na hatutaitambua mpaka mtu alete mayai matatu kwenye bakuli la bati.

Mara ya mwisho nilipokwenda nyumbani nilimuuliza mchungaji ni nani anayeosha kikombe siku hizi. Akasema anakiosha mwenyewe.