"Korti Imesimamisha" Si Mwisho wa Stori

Kila mara korti ikigusa ushuru, simu zetu hulipuka. Mtu anarekodi video akiwa ndani ya gari, anapiga kelele: "Wasee, tumeshinda!" Wiki chache baadaye, mtu yuleyule anarudi na uso mrefu: "Korti ni bure, hawa watu wamepangana." Mimi si wakili, lakini hii tabia inatuumiza, na nitawaonyesha kwa nini.

Chukua ushuru wa nyumba. Binamu yangu alikuwa ameanza kazi yake ya kwanza, mshahara 30,000. Asilimia 1.5 ni shilingi 450. Kwa mtu anayepanda matatu mbili kwenda na mbili kurudi, hiyo si pesa ndogo. Kila kichwa cha habari kilipotoka, alinitumia ujumbe: "Sasa wataacha kunikata?" Ikabidi nianze kufuatilia tarehe.

Juni 30, 2023, Mahakama Kuu ilisimamisha Sheria ya Fedha ya 2023. Shangwe! Julai 28, Mahakama ya Rufaa ikaondoa amri hiyo. Novemba 28, majaji watatu wa Mahakama Kuu wakasema ushuru wa nyumba unakiuka Katiba. Shangwe tena! Lakini siku hiyohiyo waliipa serikali hadi Januari 10, 2024, na makato yakaendelea. Januari 26, Mahakama ya Rufaa ikakataa kuongeza muda, ndipo yakasimama. Halafu Machi 19, Rais akatia saini Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, na zile 450 zikarudi.

Ukisoma vichwa vya habari pekee, utasema tulichezewa. Lakini uliza swali moja: majaji wa Novemba walikataa nini hasa?

Hawakusema kujenga nyumba ni vibaya, wala kwamba 450 ni nyingi mno. Walisema ushuru haukuwa na sheria kamili ya kuusimamia, tena ulibagua kwa kukata wenye ajira rasmi pekee. Sasa serikali ikiambiwa "unabagua", itarekebisha vipi? Ina njia mbili: iache kukata kila mtu, au ikate kila mtu. Sheria mpya ilichagua ya pili. Leo inamgusa hadi mama mboga na mtu wa jua kali, si wa mshahara peke yake. Kesi tuliyoshangilia ndiyo iliyoonyesha serikali pa kuziba. Na Oktoba 22, 2024, Mahakama Kuu ilipoangalia sheria hiyo mpya, iliipitisha.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu. Korti haiulizwi kama ushuru unauma. Inaulizwa kama umetungwa kwa kufuata Katiba. Kama kinachokukera ni maumivu, mahali pa kusemea ni kabla, wakati Bunge linapoita maoni ya umma na sisi tuko bize na memes. Jaji hawezi kukusaidia na kitu ambacho hakikuletwa mbele yake.

Je, twende kortini tu? Ndiyo! Bila hizo kesi, makato yangeendelea tu bila mtu kulazimika kuyatetea. Serikali ilisimama mbele ya majaji ikajieleza, na ikarudi Bungeni kuandika upya. Huo ni ushindi, ila si ule wa kwenye video.

Kwa hivyo kabla hujabonyeza "share", jiulize mambo matatu. Ni korti gani? Mahakama Kuu ina mbili juu yake: ya Rufaa na ya Juu. Mahakama ya Rufaa iliitupa Sheria ya Fedha ya 2023 yote mnamo Julai 31, 2024, lakini Mahakama ya Juu ikaibatilisha hukumu hiyo Oktoba 29. Pili, ni amri ya muda au ni hukumu? Amri ya muda ni kama refa amepuliza filimbi akague tukio. Bao bado halijahesabiwa. Tatu, korti imekataa lengo, au njia iliyotumika?

Ukijibu hayo matatu, hutahitaji mtu wa ndani ya gari kukuambia ushangilie au ulie. Sasa niambieni: kesi gani ingine mnaona imeripotiwa nusunusu? Tuichambue pamoja.